Chupa moja, haja mbili: CBD, hamu ya kula na uzito wa mwili

Wifi yangu anaitaka apunguze mwili. Mama mdogo, aliyeko Tanga na aliyetoka kwenye matibabu ya saratani, anaitaka apate hamu ya kula. Chupa ni ile ile: kichupa cha mililita 10, mafuta ya rangi ya dhahabu, kifuniko chenye mrija wa kudondoshea, na lebo inayosema ndani mna miligramu 500 za CBD, kemikali mojawapo ya mmea wa bangi. Wifi aliiona mtandaoni kwa muuzaji anayedai inayeyusha mafuta ya tumbo. Mama mdogo alielezwa na jirani yake, ambaye mwanawe anaishi Marekani, kwamba huko wagonjwa wa saratani wanapewa "mafuta ya bangi" na wanarudi kula vizuri. Wote wawili waliniuliza mimi kwa kuwa nafanya kazi katika duka la dawa hapa Uingereza, ambako kichupa kama hicho huuzwa bila cheti cha daktari, rafu moja na vitamini na mafuta ya samaki.

Wauzaji nao wana jibu kwa haja hizi mbili zinazopingana. Wanasema CBD inaweka mwili kwenye mizani: aliyenenepa atapungua, aliyekonda ataongezeka. Maneno hayo ni matamu, lakini majaribio yaliyofanywa kwa watu hayaonyeshi hivyo. Kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyoona kwamba wifi na mama mdogo wote wanauziwa kitu ambacho hakimo ndani ya kichupa, na kwamba aliye karibu zaidi na madhara ni yule mwenye mwili dhaifu na mfuko wa dawa kando ya kitanda. Hilo ndilo lililonifanya niandike kwa urefu badala ya kujibu kwa ujumbe mfupi wa simu.

Tuanze na mmea wenyewe. Bangi ina kemikali zaidi ya mia moja za ukoo mmoja, na mbili ndizo zinazojulikana sana. THC ndiyo inayolevya. CBD hailevyi. Hempu, ambayo ndiyo hutoa mafuta mengi ya dukani, ni bangi ile ile kwa spishi. Tofauti ni kiasi cha THC, na sheria ya kilimo ya Marekani ya mwaka 2018 iliweka mpaka kwenye asilimia 0.3. CBD ilitengwa mwaka 1940 na kundi la Roger Adams, mwanakemia wa Chuo Kikuu cha Illinois. Umbo lake kamili likajulikana mwaka 1963 kupitia kazi ya Raphael Mechoulam huko Israeli, na mwaka uliofuata yeye na mwenzake Yechiel Gaoni wakaiweka wazi THC.

Habari ya njaa ni ya THC. Yeyote aliyewahi kukaa mtaa mmoja na wavuta bangi ameona wanavyokishambulia chakula baada ya kuvuta, na sababu yake imeshafahamika. Kwenye ubongo na viungo vingi vya mwili kuna vipokezi, yaani sehemu za seli zinazopokea ishara za kemikali, vinavyoitwa CB1. Vilitambuliwa kwa undani mwaka 1990, na miaka miwili baadaye Mechoulam na wenzake wakaipata kemikali ambayo mwili wenyewe huitengeneza ili kuviamsha: anandamaidi. Vipokezi hivyo vimo kwenye haipothalamasi, sehemu ya ubongo inayosimamia njaa na shibe, na vimo pia kwenye utumbo, ini, misuli na mafuta ya mwili. Panya akinyimwa chakula, kemikali hizi za ndani huongezeka kwenye ubongo wake. Zinamwambia atafute chakula, na akikipata, zinamfanya akione kitamu zaidi. THC huingia kwenye kipokezi hicho hicho na kutoa amri ile ile bila mwili kuwa na upungufu wowote.

Marekani waliitumia kazi hiyo ya THC kama dawa. Dronabinoli, ambayo ni THC iliyotengenezwa maabara, iliidhinishwa na mamlaka ya dawa ya huko, FDA, mwaka 1985 kwa kichefuchefu cha wagonjwa wa saratani walio kwenye tibakemikali, na mwaka 1992 kwa wagonjwa wa UKIMWI waliokuwa wakikonda kwa kukosa hamu ya kula. Kwa hiyo jirani wa mama mdogo hakuzua uongo. Amechukua habari ya kweli ya THC akaipachika kwenye kichupa ambacho sifa yake kubwa ni kwamba THC imeondolewa. Anayenunua CBD ili apate njaa ya bangi ananunua kile kilichobaki baada ya chenye kuleta njaa kutolewa.

Tena hata hiyo THC isisifiwe kupita kiasi. Mwaka 2002 yalichapishwa matokeo ya jaribio la wagonjwa 469 wa saratani iliyokomaa, waliokuwa wamepoteza hamu ya kula. Waliopewa megestroli, dawa ya jamii ya homoni, asilimia 75 walisema hamu imeongezeka. Waliopewa dronabinoli walikuwa asilimia 49. Waliopata ongezeko la uzito la asilimia kumi au zaidi walikuwa wachache pande zote mbili: 11 kwa mia dhidi ya 3 kwa mia. Megestroli nayo ina hatari yake ya kugandisha damu kwenye mishipa, kwa hiyo si kitu cha kujinunulia. Nataja tu ili ieleweke kwamba mgonjwa wa saratani anayekonda ana tatizo lenye mizizi mirefu, na kemikali moja hailiondoi.

Sasa nirudi kwa wifi, maana habari yake ina historia ambayo wauzaji hawaisimulii.

Ikiwa kuamsha CB1 kunaleta njaa, basi kukiziba kipokezi hicho kungepunguza njaa. Wanasayansi waliliona hilo mapema, na kampuni ya Ufaransa, Sanofi-Aventis, ikatengeneza rimonabanti. Hii ilikuwa dawa halisi, iliyopimwa kwa maelfu ya watu. Katika jaribio kubwa la Ulaya lililochapishwa mwaka 2005, watu wanene waliomeza miligramu 20 kila siku walipungua kilo 6.6 kwa mwaka. Waliomeza kidonge kisicho na dawa walipungua 1.8. Viuno vilipungua, na mafuta ya damu yalikuwa mazuri zaidi. Juni 2006 Ulaya ikaipitisha, na ikaingia sokoni kwa jina la Acomplia. Ungekuwa daktari wa kisukari wakati ule, ungefurahi.

Kumbe CB1 haikuwekwa kwenye ubongo kwa ajili ya chakula peke yake. Mfumo huo huo unagusa furaha, woga, kumbukumbu, na namna mtu anavyotulia baada ya kero. Ukiuziba ili mtu asile, unaziba na hayo mengine. Wagonjwa walianza kupata sonona na wasiwasi mkubwa, na wengine walifikia mawazo ya kujiua. Juni 2007 kamati ya washauri wa FDA ilipiga kura 14 kwa sifuri kuikataa, na Marekani haikuuzwa kamwe. Oktoba 2008 mamlaka ya dawa ya Ulaya ikapendekeza isimamishwe, baada ya kuona kwamba hatari ya maradhi ya akili kwa wanaoitumia ni kama maradufu ya wasioitumia. Januari 2009 ruhusa yake ikafutwa kabisa.

Naikumbuka rimonabanti kila ninaposoma tangazo linalosema CBD "inaziba kipokezi cha njaa". Katika maabara ni kweli kwamba CBD haikai vizuri kwenye CB1 kama THC, na utafiti wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba inaweza kujishikiza pembeni ya kipokezi na kukifanya kisiitike sana. Basi muuzaji achague. Kama mafuta yake yanaiziba CB1 kwa nguvu za kutosha kupunguza kilo za mtu, aeleze atamlindaje mteja wake na yale yaliyowapata watumiaji wa rimonabanti. Na kama hayaizibi kwa nguvu hizo, aache kuuza kilo.

Ukweli ni kwamba hayaizibi kwa nguvu hizo. CBD inayomezwa hupotea nyingi kabla ya kufika kwenye damu: ini huikamata na kuivunja, na inayopita inakadiriwa kuwa kama asilimia 6.

Mahali ambapo CBD imeonekana kugusa hamu ya kula kwa watu ni kwenye matibabu ya kifafa cha watoto. Hapa lazima nikae kidogo, kwa sababu wauzaji wengi huchukua takwimu zao huku bila kusema walipozitoa.

Kuna aina za kifafa kali sana zinazoanza utotoni, ugonjwa wa Dravet na ule wa Lennox-Gastaut, ambazo dawa za kawaida hazizitulizi. Mwaka 2017 kulichapishwa jaribio la watoto na vijana 120 wenye Dravet. Nusu walipewa CBD safi, miligramu 20 kwa kila kilo ya mwili kwa siku, nusu wakapewa kinywaji kisicho na dawa, wote wakiendelea na dawa zao. Degedege za waliopata CBD zilishuka kutoka wastani wa 12.4 kwa mwezi hadi 5.9. Kwa wenzao zilitoka 14.9 hadi 14.1 tu. Kwa mzazi ambaye kila usiku analala sikio likiwa wazi, hayo ni mabadiliko makubwa mno, na nayasema kwa heshima yote. Juni 2018 FDA ikaidhinisha dawa hiyo kwa jina la Epidiolex.

Katika jaribio hilo hilo, asilimia 28 ya waliopewa CBD walipungukiwa hamu ya kula, dhidi ya asilimia 5 ya wengine. Ukijumlisha majaribio yaliyoandikwa kwenye karatasi ya dawa, kwa miligramu 10 kwa kilo waliopoteza hamu ni 16 kwa mia, kwa miligramu 20 ni 22 kwa mia. Wengine waliharisha, wengi walisinzia, na baadhi walipungua uzito. Madaktari waliandika hayo yote kwenye safu ya madhara. Mtoto mwenye kifafa kikali, ambaye pengine kumeza kwenyewe ni kazi, akianza kukataa uji, hilo ni jambo la kumshtua muuguzi na kumfanya atafute mizani. Muuzaji wa mtandaoni anaiona takwimu hiyo hiyo na kuiandika kama sifa: "imethibitishwa kupunguza hamu ya kula". Mimi hili linanichoma. Mateso ya watoto wagonjwa yamegeuzwa tangazo la kupunguza tumbo.

Pigia hesabu dozi yenyewe. Wifi ana kilo 80. Kwa kipimo cha miligramu 20 kwa kilo, angehitaji miligramu 1,600 kwa siku, yaani vichupa zaidi ya vitatu kila siku. Wakati huo huo mamlaka ya viwango vya chakula ya Uingereza, FSA, ilishusha ushauri wake Oktoba 2023: mtu mzima mwenye afya asizidishe miligramu 10 kwa siku, ambayo ni kama matone manne au matano ya mafuta ya asilimia 5. Kabla ya hapo walikuwa wamesema 70. Kati ya 10 na 1,600 kuna umbali ambao hakuna tangazo linalouonyesha.

Je, umetaboli, yaani namna mwili unavyochoma na kuhifadhi chakula? Hapa kuna jaribio ambalo nililitafuta kwa ajili ya wifi hasa, kwa kuwa sukari yake imeanza kupanda na anatumia metformini, dawa ya kisukari. Lilichapishwa mwaka 2016, likiwa na watu 62 wenye kisukari aina ya pili. Kundi mojawapo lilimeza CBD miligramu 100 mara mbili kwa siku kwa majuma 13. Hiyo ni miligramu 200 kila siku, kichupa kizima kwa siku mbili na nusu. Homoni chache kwenye damu zilibadilika. Sukari haikushuka, mafuta mazuri ya damu hayakupanda, uzito ulibaki pale pale. Katika jaribio hilo hilo kemikali nyingine ya bangi, THCV, ndiyo iliyoshusha sukari ya asubuhi kabla ya kula. CBD haikufanya hivyo.

Kuna pia ile habari ya "kugeuza mafuta meupe kuwa ya kahawia". Mafuta ya kahawia ni yale yanayochoma nishati ili kutoa joto, na watoto wachanga wanayo mengi. Mwaka 2016 watafiti wa Korea Kusini walitia CBD kwenye seli za mafuta za panya na kuona dalili za seli hizo kuelekea ukahawia. Seli kwenye sahani ya maabara hazina ini la kuivunja CBD, hazina tumbo, hazina mtu mwenye njaa ya saa kumi jioni. Utafiti huo ni mwanzo wa swali zuri. Kuubandika kwenye lebo ya pipi za CBD za kutafuna ni kuwakosea hata watafiti wenyewe. Ajabu nyingine ni kwamba njia mojawapo inayotajwa, kipokezi kinachoitwa PPAR-gama, ndiyo njia ya pioglitazoni, dawa ya kisukari ambayo sisi wa duka la dawa tunaijua kwa kuongeza uzito wa wagonjwa.

Nilimwambia wifi hayo yote kwa simu, taratibu, maana nampenda na najua amesumbuka. Amekunywa chai za kupunguza kitambi zilizomharisha mpaka akaishiwa nguvu kazini. CBD nayo huharisha, na metformini huharisha, na mtu akiharisha siku mbili mizani itashuka kwa maji aliyopoteza. Nikamwomba pesa ya vichupa aiweke kwenye kitu kinachopimika: kuonana na mtaalamu wa lishe, na kupima kwa wakati wastani wa sukari wa miezi mitatu. Hakunikubalia papo hapo, na sikutegemea anikubalie, kwa sababu aliyemuuzia wazo hili ana picha za kabla na baada, na mimi nina namba tu.

Yupo atakayesema: kama dozi ya dukani ni ndogo hivyo, basi ina ubaya gani? Ajaribu tu, ikishindikana hajapoteza kitu.

Kwanza, hujui unachomeza. Mwaka 2017 watafiti wa Marekani walinunua mtandaoni bidhaa 84 za CBD kutoka kampuni 31 na kuzipeleka maabara. Zilizokuwa na kiasi kinachokaribiana na lebo zilikuwa asilimia 31. Asilimia 43 zilikuwa na CBD nyingi kuliko ilivyoandikwa, asilimia 26 zilikuwa na pungufu, na bidhaa 18 zilikutwa na THC. Kwa mtu anayekwenda kupimwa mkojo kazini, au dereva wa lori, hiyo kumi na nane ni ajira yake. FDA imekuwa ikiziandikia kampuni barua za onyo kwa miaka, na Januari 2023 ilisema wazi kwamba taratibu zake zilizopo za vyakula na virutubisho hazitoshi kumlinda mtumiaji wa CBD. Yaani nchi inayoongoza kwa kuuza ndiyo inayosema haijapata njia ya kuisimamia.

Pili, ini. Kwenye majaribio ya kifafa, vimeng'enya vya ini, ambavyo vikizidi kwenye damu ni dalili ya ini kuumia, vilipanda zaidi ya mara tatu ya kikomo cha kawaida kwa wagonjwa 13 kati ya kila mia waliotumia CBD, dhidi ya 1 kwa mia kwa wasioitumia, na hatari iliongezeka kwa waliokuwa wakitumia valproati, dawa nyingine ya kifafa. Watu walikuwa wakisema: hao ni wagonjwa wenye dawa nyingi. Ndipo FDA ikafanya jaribio lake kwa watu wazima wenye afya, matokeo yakachapishwa mwaka 2025. Walikuwa watu 201, na waliopewa CBD walimeza miligramu 5 kwa kilo kwa siku kwa majuma manne tu. Wanane kati yao, asilimia 5.6, walivuka ile mara tatu ya kikomo. Kwenye kundi lililomeza kisicho na dawa hakuna hata mmoja. Vimeng'enya vilirudi chini CBD iliposimamishwa, na hiyo ni habari njema, lakini walijua kuisimamisha kwa sababu damu yao ilikuwa ikipimwa. Nani anampima damu mtu aliyenunua kwa ujumbe wa WhatsApp? Ukumbuke na homa ya ini aina ya B, ambayo kwetu wengi wanaishi nayo bila kuijua.

Chakula nacho hubadilisha dozi. CBD hupenda mafuta. Mtu akiimeza pamoja na mlo wenye mafuta mengi, kiwango cha juu kinachofika kwenye damu huwa kama mara tano ya kile cha kuimeza na njaa. Kwa hiyo anayedondosha matone yale yale asubuhi na chai kavu, na Ijumaa baada ya biriani, hajatumia dozi moja. Mwili wake umepokea vitu viwili tofauti kabisa.

Tatu, na hapa ndipo nilipopiga simu Tanga badala ya kuandika, CBD hushindana na dawa nyingine kwenye ini. Inazuia baadhi ya vimeng'enya vinavyovunja dawa, nazo zikakaa mwilini kwa wingi kuliko daktari alivyokusudia. Imeshaonekana kwa klobazamu, dawa ya kifafa. Imeripotiwa kwa takrolimasi, dawa ya waliopandikizwa figo. Na imeripotiwa kwa warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande. Mama mdogo aliganda damu mguuni alipokuwa kwenye matibabu ya saratani, na tangu hapo anameza warfarini kila jioni. Warfarini ikizidi mwilini, damu inakuwa nyepesi kupita kiasi, na mtu anaweza kutokwa damu ndani bila kujigonga popote. Sikujali tena kama CBD inaongeza hamu au la. Nilimwambia mwanawe kichupa kisifunguliwe.

Lakini huwezi kumwondolea mgonjwa tumaini lake ukamwacha hapo na sahani ya chakula asichokitaka. Tukaanza kuuliza. Nilimwomba mdogo wangu, yule mwanawe, amulike kinywa cha mama yake kwa taa ya simu. Ulimi ulikuwa na utando mweupe, na mama mdogo akasema chakula chote kina ladha ya chuma na kinamchoma. Fangasi ya kinywani ni jambo la kawaida kwa mtu aliyetoka kwenye tibakemikali, na inamnyima mtu kula kuliko maradhi mengi makubwa. Nikamsisitiza amwambie mhudumu wa afya kwamba anatumia warfarini, kwa sababu ile jeli ya mikonazoli ya kupaka mdomoni, inayotolewa kirahisi tu, hupandisha warfarini vibaya. Akapewa nistatini ya matone, dawa ya fangasi ambayo haiingii kwenye damu. Tukauliza choo. Alikuwa hajapata choo kwa siku kadhaa kwa sababu ya kodeini ya maumivu, na hakuna mtu aliyemwandikia kitu cha kulainisha. Tumbo lililofunga haliombi chakula. Tukauliza usingizi na moyo, akakaa kimya muda mrefu kabla ya kujibu, na hilo nalo limepelekwa kwa daktari wake.

Sasa anakula kidogo kidogo mara nyingi: uji wa ulezi uliotiwa karanga zilizosagwa, parachichi, samaki wa kupaka kipande kidogo. Mboga za majani anakula, ila kwa kiasi kile kile kila siku, kwa kuwa mchicha, kisamvu na mlonge vina vitamini K inayopunguza nguvu ya warfarini. Zikizidi ghafla au zikikatwa ghafla, vipimo vyake vinayumba. Bado ni mwembamba. Sitaki kuandika hapa kwamba amepona.

Na kwa msomaji ambaye mzee wake ameacha kula na anakonda bila sababu inayojulikana, kabla ya kutafuta kitu cha kuongeza hamu, tafuteni kinachoiondoa. Akiwa na kikohozi cha majuma mawili, homa za jioni au jasho la usiku, apimwe kifua kikuu. Apimwe sukari. Aangaliwe meno. Orodha ya dawa zake ipitiwe na mtu anayezijua. Kama tayari anatumia CBD, mwambieni daktari bila aibu, aagize kipimo cha ini, na kama yuko kwenye warfarini, kipimo cha damu kisogezwe mbele. FSA yenyewe inawashauri wasitumie kabisa wajawazito, wanaonyonyesha, walio chini ya miaka 18 na wanaotumia dawa, isipokuwa daktari ameelekeza.

Limebaki la safari, kwa sababu vichupa hivi huingia kwenye mabegi ya zawadi kila Desemba. Kuuzwa kwake wazi London au Houston hakukupi kinga popote kwingine. Tanzania, sheria ya mwaka 2015 ya kudhibiti na kupambana na dawa za kulevya inaihesabu bangi kuwa dawa ya kulevya, na Kenya ina sheria yake ya mwaka 1994. Wengi wetu tunapitia Dubai, na Umoja wa Falme za Kiarabu hauruhusu mafuta ya CBD. Serikali ya Uingereza imewaandikia raia wake onyo kwamba bidhaa hizo zitachukuliwa na mwenye nazo anaweza kushtakiwa. Kichupa kikikutwa kwenye begi, kitakachoaminiwa ni majibu ya maabara ya huko, na katika zile bidhaa 84 zilizopimwa mwaka 2017, moja kati ya kila tano ilikuwa na THC.